Toa Unachoona

Neno lilinitoka kwa hasira. Nalisema hilo mapema kwa sababu baadaye wako walionisifu kana kwamba nilikaa nikatafakari, na wako walionisema kana kwamba nilikaa nikapanga njama. Sikukaa popote. Nilikuwa nimesimama mbele ya sufuria, jasho linanichuruzika hadi kwenye kanga, na mwendesha bodaboda mmoja, baba mzima wa watoto, alikuwa ananiuliza tena kwa nini sahani ya wali na samaki imepanda bei.

Kibanda changu kipo Ifakara, karibu na stendi ya mabasi. Ni mabati juu, mbao pembeni, na mabenchi ambayo watu hukaa wakibanana. Napika wali, maharage, mchicha, na samaki wa mtoni: perege, kambale, kitoga akipatikana. Masika ile mchele ulikuwa umepanda, na hilo peke yake lilikuwa linanikera, maana sisi tunaishi ndani ya mpunga. Ukiziacha nyumba za mwisho za mji unauona kijani pande zote. Halafu unafika sokoni, unatajiwa bei ya mchele kana kwamba mchele wenyewe umekuja kwa meli.

"Dada, juzi buku mbili, leo buku mbili na nusu," yule wa bodaboda alisema, huku mdomo umejaa. "Kesho utasema tatu. Mafuta wanatupandishia, na wewe unatupandishia. Sisi tumpandishie nani?"

"Mpandishie abiria wako."

"Abiria anashuka anatembea."

Wenzake wakacheka. Nami mchana ule sikuwa na kicheko. Nikamwambia, "Basi toeni mnachoona. Kila mtu ale, atoe anachoona. Nimechoka na midomo yenu."

Alikula, akatoa elfu mbili ileile ya juzi, akaondoka. Mimi nilidhani yameisha. Kesho yake wakaja wote, wakala, kila mmoja akatoa alichoona, na nilipokunja uso wakanikumbusha kwamba nimesema mwenyewe, mbele ya watu. Ningeweza kukana. Lakini sisi kwetu tuna ubishi wa ukoo, na mtu akishatamka jambo atalibeba hata likimvunja mgongo. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilichukua kopo tupu la maziwa ya unga, nikaliweka mwisho wa meza, nikawaambia haya, ndiyo hivyo, na asije mtu kuniuliza bei.

Sikujua nimeanzisha nini, na mpaka leo sijui vizuri. Nilitegemea ama nitafilisika, ama watu watanionea haya na kutoa vizuri. Hayo mawili nilikuwa tayari kuyaelewa. Yaliyotokea yalikuwa ya tatu na ya nne na mengine ambayo hayakuwa na jina.

Kwanza watu walinyamaza. Zamani pale kwangu palikuwa na kelele za "dada punguza" na "nikupunguzie nini, mkia wa samaki?" Mtu alikuwa anaingia, ananitania, namtania, tunagombania mia mbili kama ndugu wanaogombania urithi, halafu anakula kwa furaha. Bei ilipoondoka, matani yakaondoka nayo. Walikula wakitazama mikono ya wenzao. Wa bodaboda wakaanza kushindana: mmoja akitoa elfu tatu, wa pili hawezi kutoa mbili, na wa tatu akaacha kuja kwa sababu hakutaka kuonekana. Kuna siku kopo lilijaa mpaka nikaogopa, na siku iliyofuata palikuwa na sarafu za kununulia kiberiti tu. Watu walewale, wali uleule.

Kisha maneno yakaanza. Muuza nyanya aliniita pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini nimepewa masharti na mganga wa wapi. Alisema mtaani wanajua kwamba nimeambiwa nilishe watu mpaka mvua ikatike ndipo nyota yangu ing'ae, na kwamba yeye hanilaumu, ila nimwelekeze. Bwana mmoja mwenye shati lililonyooshwa vizuri alitaka kujua nagombea udiwani wa kata gani. Nilipomwambia sigombei chochote alitabasamu, akasema wote husema hivyo, akatoa elfu tano, akaniomba nimkumbuke. Na bibi mmoja alikula taratibu mpaka mwisho, ndipo akaniuliza marehemu ni nani. Nikamwambia bibi, hakuna aliyekufa. Hakuniamini. Alitumbukiza sarafu yake kwenye kopo, akafanya ishara ya msalaba, akaniambia Mungu ampe pumziko la milele.

Nilicheka hayo yote. Ambalo sikulicheka ni la mbeba mizigo wa stendi. Huyu alikuwa mteja wangu wa siku nyingi, mtu wa wali na maharage, na alikuwa akilipa buku lake anadai haki zake zote. Alizoea kuniita toka mwisho wa benchi, "Mama, huu mchuzi au maji ya kunawia? Ongeza." Nami naongeza, nikimtukana kidogo. Nilipoweka kopo, akawa anatoa buku lilelile, lakini sasa analifunika kwa kiganja asilione mtu. Mchuzi akaacha kuudai. Halafu hakuja tena. Nikamwona ng'ambo ya barabara anakula mihogo ya kukaanga, nikamwita. Akanijibu, "Nikipata vizuri nitakuja, dada." Apate vizuri vipi, wakati kwangu angeweza kula kwa shilingi mia? Niliwaza jambo hilo mpaka nikaunguza maharage. Niliyedhani nimemfungulia mlango ndiye aliyeondoka.

Katika vurugu hiyo ndipo baba yangu alipokuja.

Baba analima mpunga upande wa Ulanga, mbele kidogo ya Lupiro. Tangu daraja lijengwe pale Kivukoni, kuvuka mto si kazi, na yeye huleta mpunga wake kwa baiskeli kwenye mashine za kukoboa za Ifakara, anauza kidogo, anarudi. Alikuwa akipita karibu na kibanda changu kila safari. Hakuwahi kusimama.

Sababu ilikuwa mahari. Niliolewa na mtu wa mashamba ya miwa, kule juu, mtu aliyetoka mkoa wa mbali kutafuta kazi. Ndoa yenyewe sitaisimulia. Inatosha kwamba niliondoka kwa miguu yangu, na hatukuwa na mtoto. Upande wa mwanamume wakaja kudai mahari yao. Baba hakubishana nao wala hakuniuliza kwa nini nimeondoka. Aliuza shamba lake la bondeni, lile la karibu na maji ambalo lilikuwa halimnyimi hata mwaka wa jua, akarudisha kila kitu, akasema, "Limeisha." Baada ya hapo alikuwa ananiitikia salamu kama mtu anavyomwitikia mtoto wa jirani. Hakunifukuza, na hilo ndilo lilikuwa tatizo, kwa sababu mtu aliyefukuzwa anajua amesimama wapi. Mimi nilitaka kitu kimoja tu: kujua kama bado mimi ni mtoto wake.

Siku hiyo akaiegemeza baiskeli kwenye nguzo yangu, akaingia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kuna chakula?"

"Kipo baba. Karibu."

Nilimpakulia wali na kambale. Alikula. Akamaliza, akanawa, akafuta mikono kwenye suruali, akauliza, "Kiasi gani?"

Nimelirudia swali hilo mara nyingi kichwani. Baba anayemuuliza mwanaye bei ya chakula, ajibiwe nini? Nilitaka kusema, baba jamani. Lakini mdomo wangu ulikuwa umeshazoea wimbo wake wa wiki zile, na watu walikuwa wamekaa, na yeye mwenyewe alikuwa ameuliza kwa uso mkavu. Nikasikia sauti yangu inasema, "Toa unachoona, baba."

Alinitazama. Akalitazama kopo. Akaingiza vidole kwenye mfuko wa shati, akatoa noti ya elfu kumi, akaikunja vizuri, akaitumbukiza. "Haya," akasema, akaondoka na baiskeli yake.

Nilifurahi, tena sana. Nikamwambia kila aliyeingia kwamba yule ni baba yangu mzazi. Elfu kumi kwa sahani ya wali. Nani hutoa hivyo kama hakupendi? Niliona ni msamaha, ametumia njia ya kiume, njia ya kimyakimya, kwa kuwa maneno hana. Mchana wote niliimba, na wateja waliniuliza kama nimeposwa.

Akaja tena safari iliyofuata, na nyingine. Kila mara elfu kumi. Kila mara "marahaba" na "haya", na katikati yake kimya. Furaha yangu ikaanza kulegea pembezoni. Yule wa bodaboda alikuwa akisema, "Mzee wako ana hela huyo," nami najua hana. Najua bei ya gunia, najua alichouza na alichobakiza. Elfu kumi ile ilikuwa imetoka kwenye mchele ambao alipaswa kula mwenyewe. Kwa hiyo ananisaidia? Lakini mtu anayekusaidia hukuuliza unaendeleaje. Je, ananilipa ili asiwe na deni kwangu? Au anamwonyesha nani, na nini? Fedha yenyewe sikuiweka kando kwa heshima. Niliinunulia mkaa na mchele, kwa sababu kopo lilikuwa na njaa zake, na kila nilipoitumia nilijiona mwizi, ingawa nilikuwa nimepewa.

Siku moja nilichinja kuku kwa ajili yake. Kila nyumba ya kwetu inajua firigisi ni ya nani: hata mtoto anayejifunza kutembea hawezi kuigusa, ni ya baba. Niliiweka juu kabisa ya wali, ionekane. Alikula wali, akala paja, akala mchicha. Firigisi akaisogeza pembeni mwa sahani kwa kidole, taratibu, kama mtu anayesogeza jiwe, akaiacha hapo. Akalipa elfu kumi. Nilibaki nimeishika sahani ile, na kwa mara ya kwanza nikamkasirikia baba yangu waziwazi, moyoni. Kama hunitaki, usile. Kama unanitaka, kula firigisi. Hii ya katikati ni lugha gani?

Aliyekuja kunichanganya zaidi ni shangazi, dada yake baba, anayeishi Mang'ula. Alikuwa anapita kwenda msibani Lupiro, akashukia kwangu kupumzisha miguu, na siku hiyohiyo baba akaingia, akala, akalipa. Shangazi alimtazama kaka yake kuanzia noti mpaka mgongo ulipopotelea barabarani. Ndipo akanigeukia.

"Kaka yangu anakulipa?"

"Analipa, shangazi. Tena kuliko wote."

"Na wewe unapokea."

"Nimesema kila mtu atoe anachoona. Siwezi kuwa na sheria mbili."

"Sheria," alisema, akasonya. "Wewe binti, mzazi anayelipa chakula kwa mwanaye amesema hana mwana. Na mwana anayepokea ameitikia amina."

Nikajitetea: yeye ndiye aliyeuliza bei. Shangazi akasema, aliuliza bei kwa sababu alitaka aambiwe, baba hapa hakuna bei yako. Nikamuuliza amejuaje, amemwambia? Akakiri hajaambiwa kitu, kaka yake hajamwambia mtu neno la maana tangu shamba liuzwe. "Labda anakusaidia," akaongeza akishusha sauti. "Labda anaona ukiwa binti yake hutakubali msaada, ila ukiwa muuzaji utapokea. Sijui. Wote wawili vichwa vyenu ni vya mawe." Akanywa chai yake, akasimamisha bajaji, akaniacha na maana mbili zinazopingana, zote zikiwa na akili.

Nifanyeje sasa? Nikikataa fedha yake mbele ya watu, nimemwaibisha mzee. Nikiendelea kupokea, nimeitikia amina. Nikimwambia usilipe, atasema si umesema nitoe ninachoona, na mimi nimeona elfu kumi. Na hata akija siku akaacha kutoa, nitajuaje? Kwenye kibanda ambacho mtu anaruhusiwa kutoa chochote, hata kutokutoa ni kutoa. Wako waliokuwa wakila na kuondoka bila kutoa kitu, na sikuwa na haki ya kuwasema. Baba angefanya hivyo angekuwa mmoja wao tu.

Mwishowe niliacha. Ningependa kusema niliacha kwa kuwa nilikuwa nimeelewa jambo, lakini niliacha kwa kuwa nilichoka. Nilichoka kulinunua gunia la mchele kwa bei inayojulikana na kuliuza kwa bei ya moyo wa mtu. Nilichoka kuombewa marehemu. Niliazima kibao, nikaandika kwa chaki: wali maharage, buku na nusu, wali samaki, elfu mbili na mia tano. Kopo nikalifanya la chumvi. Asubuhi ya kwanza wa bodaboda walipiga kelele mpaka wapita njia wakageuka, kwamba nimewasaliti, kwamba mia tano ya juu inatoka wapi, na nikawajibu inatoka kwenye vinywa vyao. Mbeba mizigo alirudi wiki ileile. Aliweka buku na nusu yake mezani kwa kishindo, kila mtu aione, akadai mchuzi. Sikutegemea kwamba bei inaweza kumfurahisha mtu maskini, na sidai kwamba nimeelewa mpaka chini, lakini niliongeza mchuzi.

Baba hakuja wiki hiyo wala iliyofuata. Ilikuwa wakati wa mavuno, nikajiambia yuko shambani. Nikajiambia pia kwamba amesikia na amekasirika. Nilikuwa naweza kuamini yote mawili kwa siku moja, asubuhi hili, mchana lile.

Alipokuja, alisimama kwanza mbele ya kibao. Baba husoma kwa midomo. Alisoma mstari wa maharage, akasoma wa samaki, akarudia wa samaki.

"Umeweka bei."

"Nimeweka baba."

"Ndiyo biashara."

Akakaa. Nikampelekea wali na perege, nikarudi jikoni nikijifanya nachochea moto. Nilikuwa namtazama kwa pembe ya jicho. Alikula tonge chache, akanyanyua kichwa. "Chumvi imezidi," akasema. Nikasema samahani baba. Baadaye kidogo akasema samaki nimemkausha, mama yangu hakuwa anakausha samaki hivi, nimejifunza wapi. Nikasema nitaangalia. Akasukuma sahani mbele: "Niongezee wali." Muda wote aliokuwa akija hakuwahi kuomba kuongezewa hata maji. Nilimwongezea, nikamwaga nusu mezani.

Alimaliza. Akanawa, akavaa kofia, akasimama. Nilingoja mkono uende kwenye mfuko wa shati. Haukwenda. Alitoka nje, akakagua kamba iliyofunga gunia nyuma ya baiskeli, akaushika usukani.

Yule wa bodaboda, aliyeanza yote haya kwa mdomo wake, aliona jambo ambalo si la haki. Yeye alikuwa ametoka kulipa elfu mbili na mia tano kwa uchungu. Akaita kwa adabu, "Mzee wangu, shikamoo. Naona umesahau kulipa."

Baba aligeuka. Alimwangalia yule bwana toka viatu mpaka kofia, kama anayemshangaa mtu mzima ambaye hakufundishwa kwao.

"Wewe ukila kwenu," akamuuliza, "huwa unalipa?"

Akapanda baiskeli, akaelekea barabara ya Kivukoni. Yule wa bodaboda akanigeukia mimi, benchi zima likanigeukia, wakitaka niwaeleze. Nilikuwa nalia mbele yao wote, na harufu ya wali unaoungua ilikuwa imeshafika barabarani.